Kusomesha mtoto nyumbani hapa Uganda: panga haya kabla hujamtoa shule

Kabla ya kuuliza nyumbani au shuleni, uliza ni mtoto yupi. Mimi nina wawili. Binti, ambaye ndiye mkubwa, anaipenda shule kwa moyo wote: mstari wa asubuhi, netiboli, uongozi wa darasa, marafiki wa kurudi nao njiani. Mdogo wake ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yakimshika hulala siku kadhaa, mara nyingine wodini, na akirudi darasani anakuta wenzake wametoka kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo, wako kwenye asilimia. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya themanini hana nafasi ya kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja. Binti amesoma shuleni tangu chekechea na sasa yuko sekondari. Kijana nilimsomesha mwenyewe P4 na P5, yaani darasa la nne na la tano la msingi, nikamrudisha darasani P6. Baba mmoja, mama mmoja, sufuria moja, na bado kilichomfaa huyu kisingemfaa yule.

Tunaishi Walukuba, Jinja, mtaa ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya jirani na jirani tangu enzi za wafanyakazi wa viwanda na reli. Marehemu baba alikuja na kazi ya reli kutoka Mombasa, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mume wangu ni dereva wa lori na siku nyingi yuko njiani. Mimi ni fundi cherehani na mashine yangu iko barazani kwangu. Hilo la mwisho ndilo lililonipa ujasiri, kwa sababu mtoto anayesomea nyumbani anahitaji mtu mzima aliyepo. Kama wewe na mwenzako mnatoka alfajiri na kurudi usiku, na atakayebaki na mtoto ni dada wa kazi mwenye kufua, kupika na kulea mdogo, mwache mtoto shuleni. Nguvu zako zitumie kutafuta shule bora zaidi na kukagua madaftari yake jioni.

Sote tulionja jambo hili bila kuomba. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa awamu, zikafungwa tena Juni 2021, na madarasa yote hayakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022. Masomo yalipita redioni, yakachapishwa magazetini, na NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, ikatoa vitabu vya kujisomea. Hapa mtaani nilichokiona ni kwamba karatasi zilifika kwenye nyumba nyingi, ila mtoto aliyesonga mbele ni yule aliyekuwa na mtu wa kukaa naye. Wapo waliotoka P2 wakarudi P4 bila kujua kusoma sentensi. Na katika darasa la binti yangu wapo wasichana ambao hawakurudi kabisa, maana walikuwa tayari wanalea. Kwa hiyo anayeniambia nyumbani ni salama kuliko shuleni, au shuleni ni salama kuliko nyumbani, namuuliza: nyumba ipi, shule ipi?

Anzia kwa mwalimu mkuu

Wazazi wengi huanza kwa kununua vitabu. Wewe anza kwa kwenda shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima kwa mtoto wa miaka sita na kuendelea, kwa miaka saba, na kumwandikisha mtoto shuleni imekuwa kazi ya mzazi. Tena PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, haufanywi sebuleni. UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, inasajili watahiniwa kupitia shule yenye namba ya kituo cha mtihani. Ukimtoa mtoto ukafunga mlango nyuma yako, utakuja kuugonga mlango huohuo akiwa P7, na wakati huo kila mwalimu mkuu anaogopa mtoto asiyemjua atakayemharibia matokeo.

Mimi nilikwenda na barua ya daktari na ripoti za mihula iliyopita. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Mwalimu, simtoi mwanangu kwa sababu ya karo. Naomba abaki kwenye orodha yako, nimsomeshe mimi, aje kufanya mitihani ya mwisho wa muhula hapa."

"Mama, na asipokuja siku ya mtihani?"

"Akiwa mgonjwa nitakuletea karatasi ya hospitali. Akiwa mzima, nitamleta mwenyewe kabla kengele haijalia."

Tulikubaliana nilipe sehemu ya karo na hela ya mitihani, na mwalimu wa darasa anipe mpango wake wa masomo wa muhula, ule wanaouita skimu. Shule moja kabla ya hiyo ilikataa, na siilaumu. Ukikataliwa, jaribu shule ndogo yenye mwalimu mkuu anayewajua watoto wake kwa majina. Jambo lolote mtakalokubaliana liandikwe, kila mmoja abaki na nakala, maana walimu wakuu huhamishwa.

Hakikisha pia mtoto ana cheti cha kuzaliwa na NIN, namba ya utambulisho wa taifa, kutoka NIRA, mamlaka ya usajili wa watu. Shule zinaingiza wanafunzi kwenye mfumo wa kumbukumbu wa wizara ya elimu uitwao EMIS, na kukosa namba hiyo kutakusumbua bure.

Kuna njia nyingine, ya mitaala ya nje. Mtoto anaweza kusoma mtaala wa Cambridge, wa Uingereza, na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini kila somo unalilipia, na gharama yake iko juu sana kwa familia kama yangu. Baadaye akitaka kujiunga na chuo cha hapa, matokeo hayo hupelekwa UNEB kulinganishwa na ya kwetu. Anayeiweza njia hiyo aipite. Mimi nilibaki kwenye mtaala wa Uganda, ili mtoto akipata nafuu aweze kurudi darasani Jumatatu yoyote.

Asubuhi yenyewe

Usijaribu kuleta shule nzima nyumbani. Mtoto mmoja na mtu mzima mmoja, masaa mawili na nusu ya masomo asubuhi yanatosha kwa darasa la nne au la tano. Shuleni muda mwingi unaliwa na kuita majina, kusubiri wenzake wamalize kunakili ubaoni, kupanga foleni ya uji. Nyumbani vyote hivyo havipo. Nilianza saa mbili na nusu, baada ya chai, kabla wateja hawajaanza kuja. Simu nilizima. Mteja aliyefika mapema alikaa kwenye benchi akasubiri, na baada ya muda wakazoea.

Hisabati kwanza, akili ikiwa mbichi. Kisha Kiingereza. Kisha sayansi au maarifa ya jamii, ile SST, kwa zamu. Mchana alilala, alasiri alikwenda madrasa.

Kama mtoto wako bado hajui kusoma vizuri, simamisha mengine yote mpaka ajue. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimeona wazazi wakimkimbiza mtoto kwenye mada za sayansi za P5 wakati hata swali lenyewe hawezi kulisoma. Sisi wenye Kiswahili nyumbani tuna bahati kubwa. Anza na silabi, ba be bi bo bu, kisha maneno, kisha sentensi fupi, na kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto mwenye umri wa miaka minane au tisa huanza kusoma peke yake baada ya miezi michache tu. Kijana wangu aliupata usomaji huo wakati wa kufungwa kwa shule, akimsomea bibi yake barua za zamani na maandishi ya kwenye paketi za chumvi na sabuni. Ukishauona mdomo wake unakwenda bila kidole, hamia Kiingereza bila kuchelewa, kwa sababu karatasi zote za PLE ziko kwa Kiingereza. Sisi tulichagua Jumanne na Alhamisi: kuanzia chai mpaka adhuhuri hakuna Kiswahili, hata kuomba maji. Siku za mwanzo alinyamaza. Nilimwacha anyamaze, nikaendelea kuongea mimi.

Hisabati ipeleke kwenye kazi yako, iwe duka, shamba au mashine. Nakumbuka asubuhi moja nilikuwa na oda ya nguo nane za watoto wa shule. Kila nguo inakula mita moja na robo tatu, na kwenye jora palikuwa pamebaki mita kumi na mbili na nusu. Nilimkabidhi futi na kitambaa, nikarudi kwenye mashine. Alikunja futi kwenye robo tatu, akahesabu: robo tatu nne ni mita tatu, kwa hiyo robo tatu nane ni sita. Akaongeza nane. Kumi na nne. Akapima jora upya, akaja na jibu ambalo hata sikuliuliza: "Mama, tumepungukiwa mita moja na nusu. Ukikata sasa utapata nguo saba na itabaki robo." Huyu ndiye mtoto ambaye shuleni aliandikiwa kwamba sehemu hazielewi.

Lakini usiishie hapo. Jambo lililofanyika kwa mkono lazima liingie daftarini kwa namna ya mtihani, siku hiyohiyo, hatua kwa hatua, kwa sababu kwenye karatasi ya hisabati njia nayo ina alama zake. Mtoto wa nyumbani huzoea kutoa jibu kwa mdomo, na hilo litamgharimu asipofundishwa kuandika kazi yake.

SST ya nchi hii imepangwa vizuri kwa mzazi anayetaka kutembea na mtoto. P4 ni wilaya yetu, P5 ni Uganda, P6 ni Afrika Mashariki, P7 ni Afrika. Mwaka wa P4 hatukuhitaji kitabu kwa mada nyingi. Tulikwenda soko kuu, tukaenda mwaloni Masese kuangalia samaki wakipimwa, tukasimama mahali ambapo Nile inatoka ziwani. Nilimwonyesha bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, lile ambalo vitabu bado vinaliita Owen Falls, kisha daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 525. Nikamuuliza kwa nini viwanda vilijengwa Jinja na havikujengwa mahali pengine. Alifikiri njia nzima ya kurudi, akasema: "Kwa sababu umeme ulikuwa hapa." Mada ya viwanda haikumpa taabu tena. Ukiwa Arua, Kasese au Busia, una mpaka, soko na malori mlangoni. Vitumie.

Kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa kama wangu: siku ya maumivu hakuna somo. Ni maji ya kutosha, shuka ya joto, dawa alizoandikiwa, na ikizidi, hospitali bila kusubiri. Akitulia nilimsomea hadithi, basi. Niliweka alama kwenye skimu pale tulipoishia, na alipoinuka tuliendelea kutoka mstari uleule. Hii ndiyo faida ya nyumbani ambayo shule haikuweza kumpa, na kwa mtoto wa selimundu inapita faida nyingine zote.

Ambacho nyumba haiwezi kukupa

Mtoto anahitaji watoto. Usijidanganye kwamba ndugu yake na runinga vinatosha. Anahitaji kushindwa mbio, kugombana na kupatana, kusubiri zamu, kusikia mtoto mwenzake akitoa jibu ambalo yeye hakulifikiria. Kijana wangu alikuwa na madrasa kila alasiri, na Jumamosi mpira wa kutizama zaidi ya kucheza, kwa sababu ya afya yake. Hata hivyo niliona kuna kitu kinapungua. Alianza kuongea kama mtu mzima. Alikuwa hapendi kukosolewa mbele ya wengine. Mkristo ana Sunday school na kwaya, mwingine ana timu ya mtaa. Chochote ulicho nacho, kiwe cha kila wiki na kiwe na watoto wa rika lake.

Dada yake alipata shuleni vitu ambavyo nisingeweza kumpa hata kama ningejifunza usiku kucha. Sekondari sasa inafuata mtaala mpya ulioanza mwaka 2020, wenye kazi za vikundi na miradi. Wanatengeneza sabuni, wanaandika ripoti, wanasimama mbele ya darasa kuielezea. Anajibizana na wavulana kwenye mdahalo mpaka wananyamaza. Ningemkalisha kwenye baraza langu, ningemfundisha kushona vizuri sana, na kipaji hicho cha kusema mbele za watu kingelala.

Na kuna mada ambazo mzazi hazijui. Usione haya kuajiri mwalimu. Nilimchukua mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani, aje Jumamosi, shilingi 10,000 kwa saa mbili, nikamuunganisha na mtoto wa jirani mmoja ili tugawane gharama na kijana apate mwenzake. Ukijumlisha mwalimu, vitabu, karatasi za mitihani iliyopita na ile sehemu ya karo, utaona kwamba nyumbani hakukuwa bure. Kwangu kulipungua kidogo kuliko shule ya kulipia ya kutwa, na kulizidi sana shule ya UPE, ile ya serikali ya elimu ya msingi bila karo. Anayemtoa mtoto ili kuokoa pesa tu ataishia kumweka nyumbani bila masomo.

Watu watasema. Mama mkwe aliniuliza mbele ya wageni, "Mwanamke, mtoto wa watu unamfungia ndani?" Nilimwita kijana, nikampa gazeti, akamsomea bibi yake habari nzima ya Kiingereza kisha akamweleza kwa Kiswahili. Bibi hakuuliza tena. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, naye nilimpelekea nakala ya makubaliano yangu na shule, kabla hajasikia kwa wengine kwamba kuna mtoto haendi shule.

Kurudi darasani, na PLE

Mrudishe mapema. Ninaamini kabisa kwamba mtoto atakayefanya PLE anapaswa awe amekaa darasani tangu P6, kwa sababu mtihani una tabia zake: saa inakwenda, msimamizi anapita, karatasi haisemi tena swali ukiliomba. Muhula wa kwanza mpeleke polepole ikiwezekana. Sisi tulianza na siku tatu kwa wiki, kisha wiki nzima.

Ongea na mwalimu wa darasa kabla ya siku ya kwanza, na ongea kwa vitu vinavyoshikika. Mimi niliomba manne: aruhusiwe kunywa maji wakati wowote, aruhusiwe kwenda msalani bila kusubiri mapumziko, asivuliwe sweta asubuhi za baridi, na asiguswe fimbo kwa kuchelewa wala kwa lolote. Kuhusu fimbo usiombe kwa unyonge. Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imekataza viboko shuleni. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na mwalimu alikubali kwa sauti ya kawaida.

Kataa pia ile desturi ya kumfikisha mtoto wa P7 shuleni kabla ya jua na kumrudisha usiku. Mtoto mgonjwa hawezi, na mtoto mzima anasinzia. Nilikubaliana na shule awe anaingia saa mbili na kutoka saa kumi, na kochingi, yale masomo ya ziada ya jioni, nikaifanya nyumbani, kwa karatasi zilizopita.

PLE ina masomo manne na hufanywa kwa siku mbili: hisabati na SST siku ya kwanza, sayansi na Kiingereza siku ya pili. Kwa mtoto mwenye ugonjwa au ulemavu, shule inaweza kumwombea mahitaji maalumu UNEB, kama vile muda wa ziada, lakini maombi hayo hufanywa mapema pamoja na karatasi za daktari. Ukisubiri Oktoba umechelewa. Mwanangu alipata daraja la pili, agrigeti 15, yaani jumla ya alama za masomo yote manne, ambayo ikiwa ndogo ndiyo bora. Dada yake alikuwa amepata la kwanza. Nimefurahia yote mawili kwa moyo uleule.

Siku za usajili, nenda shuleni mwenyewe uione orodha kabla haijatumwa. Jina litakaloandikwa pale ndilo litakalokuwa kwenye vyeti vyake, na kulibadilisha baadaye ni safari na gharama. Linganisha herufi moja moja na cheti cha kuzaliwa, angalia tarehe, angalia jinsia, mwambie na mtoto alisome kwa sauti. Jina la kijana wangu lina herufi h katikati, na kwenye orodha lilikuwa limetoka bila h. Mwalimu wa mitihani alilirekebisha palepale, nikamsubiri amalize, nikalisoma tena.